Vumbi la Nyumba za Watu

Mume wangu alikuwa fundi wa redio na televisheni, na mtaa mzima ulimwita Puliza. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata mezani, kwa sababu kila kifaa alicholetewa, kabla hata hajauliza kina ubovu gani, alikifungua skrubu za mgongoni, akainama, akavuta pumzi, akapuliza. Vumbi lilitoka kama moshi wa kuni mbichi. Mwenye kifaa alirudi nyuma hatua mbili na kuziba pua. Yeye hakurudi. Angerudi wapi, na kichwa chake chote kimo ndani?

"Unaona?" alikuwa akisema, huku akijifuta kope kwa mkono wa shati. "Hiki hakijafa. Kimekosa hewa tu."

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka ishirini na tisa niliyomshuhudia. Alikula vumbi la nyumba za watu: vumbi la jikoni lenye mafuta, vumbi la vyumba vya kulala lenye nyuzi za blanketi, vumbi jeupe la ofisi ya kinu cha unga. Alidai anaweza kunusa kifaa akakuambia kinakaa wapi. "Hii TV yenu inakaa karibu na jiko," humwambia mteja, na mteja humkodolea macho kana kwamba amesomewa siri zake.

Naandika habari zake kwa sababu zile zinazosimuliwa mtaani zina kosa moja, na aliyelitia kosa hilo ni yeye mwenyewe. Sikusoma sana, niliishia shule ya msingi, lakini kuangalia najua. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuangalia. Mtoto akichelewa dakika kumi mimi niko mlangoni. Sufuria ikichemka nasimama nayo. Ndiyo maana jambo nitakalolisimulia linanishinda kulielewa hadi leo.

Nilikutana naye kwa sababu ya redio ya shangazi yangu. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimejifunza kufuma kwa kulabu, na sikuacha kitu uchi nyumbani kwa shangazi. Viti vilivaa, meza ilivaa, birika lilivaa. Redio niliifumia kitambaa cha bluu chenye pindo la mawimbi, kikaizunguka yote, nikaacha matundu ya vitufe tu. Ilipoanza kunguruma na kuzimika, shangazi alinituma kwa fundi.

Aliiweka mezani, akaitazama, akanitazama na mimi.

"Nani ameivalisha redio sweta?"

"Mimi."

"Ina homa?"

"Ni kwa ajili ya vumbi," nilimjibu kwa hasira.

Akaivua ile nguo taratibu kama mtu anayemvua mtoto mgonjwa. Kisha akanishika mkono bila kuomba ruhusa, akauweka mgongoni mwa redio. Ilikuwa na joto kama pasi iliyoachwa mezani.

"Hawa wanapumua kwa mgongo, dada. Wewe umeiziba, unadhani imelala."

Niliondoka nimenuna. Siku ya kuichukua, redio ilikuwa inaimba, na kile kitambaa cha bluu kilikuwa kando yake, kimefuliwa, kimekunjwa mara nne. Hakuna mwanamume aliyewahi kunifulia kitu. Kununa kukaniishia hapo hapo.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele, ambacho wengine wangekifanya sebule, kilikuwa karakana yake. Meza ndefu iliyochomwachomwa na chuma cha lehemu, taa ya shingo ya kukunja, makopo ya rangi yaliyojaa skrubu, kila kopo na saizi yake. Vyumba viwili vya nyuma vilikuwa vyetu. Televisheni yetu wenyewe ilikaa rafuni miaka sita bila kutengenezwa. Nikilalamika, alinijibu, "Mwenyewe hajaja kuiulizia."

Mimi niliendelea na vitambaa vyangu, na sasa nikaviuza. Kila bibi harusi alitaka seti nzima, ya viti, ya meza, ya redio, ya TV, ya friji. Nyumba yenye televisheni isiyofunikwa ilionekana kama nyumba isiyo na mwanamke. Na televisheni nilizozifunika mimi zilirudi mlangoni kwetu baada ya mwaka au miwili, zimebebwa kama majeruhi. Jirani yetu seremala, ambaye kiwanja chake cha kazi kimepakana na ukuta wetu, hakuchoka kutucheka.

"Ninyi wawili mna njama," alikuwa akisema. "Mke anaziba, mume anazibua. Mtaa utaponea wapi?"

Fundi, maana hata mimi nyumbani nilimwita Fundi, aliwaeleza wateja vizuri kabisa. Kitambaa kikae juu tu, kisishuke mgongoni. Kati ya kifaa na ukuta ipite mikono miwili. Usiweke friji juani wala redio juu ya friji. Kila mwezi, zima, chomoa waya, pitisha brashi laini. Kompyuta zilipoanza kuja, zile zenye kipande cha sponji mbele ya feni cha kunasa vumbi, kazi ya kuosha sponji alimpa binti yetu. Kila Jumamosi mtoto alikaa na beseni uani, na baba yake akimwimbia masharti yale yale: maji baridi, sabuni kidogo, usikamue kwa nguvu, na usirudishe ikiwa mbichi. Sponji zilianikwa kwenye kamba kama soksi za watoto wachanga.

Nilikuwa nayasikia maneno hayo kupitia ukutani huku nikifuma. Niliyajua kwa moyo kama sala. Lakini nitasema ukweli, sikuyaamini. Vumbi naliona. Nikipitisha kidole juu ya meza naliona, najua adui yuko wapi. Joto silioni. Kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe, moyo wangu uliniambia kiko salama, na moyo wangu haukubadilika hata baada ya miaka yote ile ya kuishi na fundi.

Kikohozi kilianza mwaka ule alioletewa kompyuta saba za kinu cha unga. Kwanza kilikuwa cha asubuhi tu, akisukutua. Mimi nikakihesabu. Mara tatu. Mara tano. Baada ya muda kikahamia mchana. Nilimwambia ajifunge kitambaa mdomoni akiwa kazini, nikamfumia chepesi kabisa. Alikifunga siku mbili.

"Bibie, nikijifunga mdomo nitapuliza kwa nini? Kwa masikio?"

Nikamtafutia pampu ya baiskeli. Hiyo aliikubali. Alipiga pampu mara mbili tatu, vumbi likatoka, kisha, kwa mazoea, akainama na kumalizia kwa mdomo. Nilimwona kupitia pazia. Nilipomwambia, alishangaa kweli. Hakujua kama amefanya.

Mwishowe niliweza kujua hali yake kwa kusikiliza ndala zake. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu kuna ngazi nne. Zamani ndala zilipiga nne mfululizo. Kisha zikapiga mbili, kimya, mbili. Kisha moja, kimya, moja, kimya. Siku zilipofika hapo nilimshika mkono tukaenda hospitali, akiwa ananung'unika kwamba kuna redio ya mtu hajaifunga.

Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. Alituonyesha mapafu yalivyokakamaa, kama sponji ya zamani iliyokauka na sabuni ndani.

"Ulikuwa unafanya kazi gani, mzee?"

"Nafufua vitu," alijibu Fundi.

Daktari hakucheka. Alituambia mapafu ya namna hiyo hayarudi yalivyokuwa. Yanasaidiwa tu.

Msaada wenyewe ulikuja kwa gari la hospitali. Mashine ya hewa, kimo chake kama kabati dogo la kando ya kitanda, ina magurudumu manne na mrija mrefu wa kuingia puani. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampa mgonjwa ile anayoihitaji. Pamoja nayo uliletwa mtungi mdogo wa akiba, wa kutumia umeme ukikatika. Muuguzi aliyeileta alikuwa mama wa makamo kama mimi, akayasema masharti huku akihesabu kwa vidole. Ikae mbali na ukuta, urefu wa mkono. Isikae karibu na jiko. Sponji ya mgongoni ioshwe kila wiki. Isifunikwe na chochote. Ikilia mfululizo, mpeni mgonjwa hewa ya mtungi kwanza, halafu mpige simu.

"Na mashine hizi ni chache," aliongeza. "Nyumba inayoshindwa kuitunza, tunaichukua, na mgonjwa anahamia wodini."

Fundi alikuwa ameshapiga magoti nyuma ya mashine, anaikagua. Akainua uso, akanitazama mimi, si muuguzi.

"Na hii nayo inapumua kwa mgongo," alisema.

Siku hiyo hiyo alichukua kamba, akafunga spana ya mtungi shingoni mwa mtungi wenyewe. Nilimuuliza ya nini. "Siku ya haraka, mtu hatafuti spana," akasema.

Karakana ikafungwa. Watu walikuja mmoja mmoja kuchukua vifaa vyao, vingine vimetengenezwa, vingine bado. Rafu zikabaki na alama za miraba safi katikati ya vumbi, kila mraba mahali pa redio ya mtu. Tulihamishia kitanda chake huko mbele kwa sababu ndiko kulikokuwa na hewa. Mrija ulimruhusu kufika mlangoni, asimame akitazama barabara. Hapo ndipo dunia yake ilipoishia. Vyumba vya nyuma, jikoni, uani, hakufika tena.

Seremala alikuja kumwona, akakaa kwenye kigoda, akautazama mrija, kisha akasema, "Puliza, kumbe siku hizi wewe ndiye unayepulizwa."

Fundi alicheka mpaka tukamshika mabega wawili, maana kicheko nacho kinataka pumzi na yeye hakuwa na ya ziada. Alipotulia alisema, "Na wewe siku moja utarandwa." Ndivyo walivyopendana hao.

Binti yetu, ambaye alikuwa ameshapata kazi ya kupokea wagonjwa katika zahanati moja mjini, alikuja kila Jumapili. Alikuwa na ukali wa baba yake kwa mambo ya mashine. Alipima kwa mkono wake umbali wa mashine na ukuta kabla hajatuamkia.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Seremala alipata kazi ya madawati ya shule, mengi, akaleta msasa wa umeme. Kutwa nzima ulivuma upande wa pili wa ukuta, na unga wa mbao wa manjano, laini kuliko poda, ukaingia kwa dirisha la karakana. Nikifunga dirisha, chumba kinakuwa kama tanuri na Fundi analowa jasho. Nikifungua, nauona unga ukielea kwenye mwanga juu ya kichwa chake. Nilikwenda kuzungumza na seremala.

"Shemeji, nimekuelewa," alisema, na kweli alielewa. "Nitageuza meza, nitamwagia maji chini."

Aligeuza meza. Alimwagia maji. Lakini upepo hakuna aliyekaa nao kikao.

Nikawa naipangusa mashine mara tatu, mara nne kwa siku. Sponji ya mgongoni iliyotakiwa kuoshwa kila wiki, niliiosha kila siku, nikaweka ile ya pili wakati ya kwanza inakauka. Zote zilitoka za manjano. Kila nilipoikamua sponji nilifikiria jambo moja tu: hii ndiyo iliyonaswa, je, iliyopita? Niliuona unga ule ukipita ndani ya mrija, ukiingia kwenye yale mapafu niliyoonyeshwa dirishani. Nilimwambia Fundi. Akaniambia mashine ina chujio jingine ndani, nisiwe na wasiwasi. Kumwambia mtu kama mimi asiwe na wasiwasi ni kumwambia asiwe na kivuli.

Ilikuwa Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Fundi alilala ameegemea mito mitatu, maana kulala chali kulishamshinda. Nilichomoa sponji niliyoiweka asubuhi. Ilikuwa ya manjano tena. Msasa ukawa unavuma nje, na unga unaingia.

Nilikwenda chumba cha nyuma, nikafungua sanduku langu kwa ufunguo ninaouvaa shingoni, nikatoa kitambaa cheupe. Kilikuwa kizito kuliko vyote nilivyowahi kufuma. Nilikifuma kwa ajili ya friji ya binti yetu siku atakapokuwa na nyumba yake. Nilikikunja mara mbili. Nikakinyunyizia maji, nikidhani vumbi litagandia na mashine itapoa. Nikaivuta mashine ikagusa ukuta, ili mgongo wake usitazame dirisha. Kisha nikaifunika kuanzia juu hadi sakafuni, pande zote, na nikachomeka ncha chini ya magurudumu kama unavyomchomekea mtoto blanketi.

Sikuwa nimesahau. Hilo ndilo linaloniuma. Miaka yote ile, sweta la bluu, masharti ya Jumamosi, vidole vya muuguzi, yote nilikuwa nayo kichwani wakati mikono inachomeka. Nilijiambia ni nusu saa tu, seremala amalize meza iliyo mbele yake. Mashine haikulalamika. Taa yake nyekundu ya hatari ilikuwa haijawaka. Fundi alipumua. Nilisimama nikaangalia nikaridhika. Nyeupe, safi, hakuna vumbi.

Nikaenda uani kufua.

Sikuisikia ikilia. Msasa ulikuwa unavuma futi chache kutoka kwenye beseni langu. Nilifua mashuka mawili na kanzu ya kulalia. Kisha seremala akazima msasa ili abadilishe karatasi, ukimya ukaja, na ndani ya ukimya ule nikasikia mlio mrefu, mwembamba, mmoja, usiokatika.

Sijui nilifikaje. Fundi alikuwa sakafuni, amepiga magoti nyuma ya mashine, vile vile alivyopiga magoti siku ilipokuja. Alikuwa ameshaivuta kutoka ukutani. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake. Alikuwa akiipepea mashine kwa kitambaa, polepole, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mashine ilishazimika kwa joto na haikutaka kuwaka. Hakuweza kusema. Alinyoosha kidole, akauonyesha mtungi.

Spana ilikuwa pale kwenye kamba. Nilifungua. Nilihamisha mrija kwa pupa, ncha ya puani nikamtia sikioni kwanza. Nikapiga kelele, seremala akaruka ukuta, tukamwinua wawili tukamweka kitandani. Alikuwa mwepesi kama dawati bila ubao. Seremala ndiye aliyesema hivyo baadaye, na hakuwa anatania.

Pumzi zilirudi moja moja. Nilizihesabu. Nilipofika arobaini nilimpigia simu binti yetu.

Alifika na fundi wa mashine wa hospitali, kijana mpole mwenye mkoba wa vifaa. Akaweka kiganja mgongoni mwa mashine, akakitoa haraka. Akatazama kitambaa kibichi sakafuni. Kilikuwa na alama ya kahawia katikati, pale kilipokaa juu ya matundu ya joto.

"Hii ilifunikwa," alisema. "Nani aliifunika?"

Nilifungua mdomo.

"Mimi," alisema Fundi kutoka kitandani.

Binti yetu aligeuka. "Wewe, Baba? Wewe!"

"Vumbi lilinisumbua. Nikasema dakika tano."

"Dakika tano! Umewafokea watu maisha yako yote, mtu asitundike hata leso kwenye redio, halafu wewe mwenyewe..." Alilia huku anamsema, na alimsema kweli kweli, kama anavyosemwa mtoto aliyecheza na moto. Fundi alikubali yote kwa kichwa. Mimi nikasogea niseme. Akanitazama. Ni ule mtazamo aliowapa wateja waliotaka kuingiza vidole ndani ya televisheni iliyofunguliwa: usiguse, bado ina umeme.

Nikafunga mdomo. Seremala alikuwa anatazama viatu vyake.

Walipoondoka, na mashine nyingine ikiwa imeletwa, ya kuazimwa, pamoja na onyo, nilikaa kitandani pake.

"Kwa nini umesema hivyo?"

Alisubiri apate pumzi za kutosha. Siku hizo alikuwa anazikusanya kwanza kabla ya kusema, kama mtu anayekusanya skrubu kabla ya kufunga kifaa.

"Mimi nikikosea, ni mgonjwa mkaidi," alisema. "Wewe ukikosea, nyumba haifai. Wangenipeleka wodini." Akapumzika. "Tena yule binti. Mimi ananikasirikia kwa muda. Wewe ndiye utakayebaki naye."

Baadaye kidogo akaongeza, na nadhani alitaka kunichekesha, "Angalau safari hii hukuiwekea pindo la mawimbi."

Sikucheka. Najuta sikucheka.

Aliishi wiki tisa baada ya hapo. Daktari aliniambia siku ile haikubadilisha kitu, mapafu yalikuwa yanakwenda kwa mwendo wake. Simkatalii, wala simwamini. Mashine ilirudi hospitali. Niliiosha kabla ya kuitoa, na sponji niliikausha kivulini siku nzima, kwa ajili ya mtu mwingine.

Na binti yetu akawa anasimulia. Alisimulia msibani, alisimulia kazini kwake, alisimulia kwa kila aliyekuja kutupa pole. "Baba alikuwa mkaidi. Baba angekuwepo hadi leo kama si kuifunika ile mashine." Watu walitikisa kichwa. "Fundi mzima!" walisema. Na mimi nilikuwa pale pale, natandika mkeka, nagawa vikombe. Miezi kumi na moja.

Majuzi alikuja akiwa na furaha ambayo sikuiona usoni pake tangu msiba. Amepata vyumba vyake viwili. Amenunua friji, na kompyuta ya kufanyia kazi nyumbani.

"Mama, si uliniahidi kitambaa cha friji? Kile cheupe kizito?"

Nilimwambia kimeshaliwa na panya. Akacheka, akasema mimi na sanduku langu tunajulikana, akanichukua ufunguo shingoni kwa utani kama alivyozoea alipokuwa mtoto. Alifungua. Alikitoa, akakikunjua, akaiona ile alama ya kahawia.

"Si ndicho hiki?" Alikishika kwa ncha za vidole. "Baba alikitoa wapi?"

Ningeweza kumwambia lolote. Nilimtazama amesimama na kitambaa, na akili yake, ambayo ni ya baba yake, nikaiona ikianza kufungua skrubu moja moja.

"Baba yako hakuwa na ufunguo wa sanduku hili," nilimwambia. "Na mrija wake ulifika mlangoni tu. Asingeweza kuja huku nyuma."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mimi ndiye niliyeifunika, mwanangu. Yeye ndiye aliyeifunua."

Nje seremala alikuwa anapiga misumari.

"Nimemsema Baba mbele ya kaburi lake," alisema. "Nimemsema, na wewe ulikuwa umesimama hapo."

"Nilikuwa nimesimama hapo."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliingia jikoni akaosha vikombe viwili vilivyokuwa safi, akavifuta, akavirudisha rafuni, akabeba mkoba wake. Kitambaa alikiacha kitandani.

Jumapili ya kwanza hakuja. Nilikaa kwenye zile ngazi nne hadi jua likazama. Ya pili hakuja. Seremala alinipitishia kichwa ukutani. "Shemeji, binti mzima?" Nikasema mzima. Ni yeye pekee aliyejua tangu siku ile, na hakunitamkia hata neno. Chumba cha mbele kimerudi kuwa na vumbi. Silipangusi. Ile miraba safi rafuni imefifia, sasa rafu ni rangi moja.

Jumapili ya tatu, saa nne asubuhi, simu ililia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilisikia feni ikiunguruma upande wake, nzito, ya kitu kinachohangaika.

"Hii kompyuta inapata moto," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nimeifungua. Ina sponji kama zile. Naosha kwa maji ya moto au ya baridi? Nimesahau."

Hakuwa amesahau. Mtu haoshi sponji mamia akasahau.

"Baridi," nilimwambia. "Sabuni kidogo. Usikamue kwa nguvu. Na usirudishe ikiwa mbichi."

"Sawa." Nikasikia akiweka simu mezani, na bisibisi ikigonga kitu. "Humu ndani kuna vumbi, Mama. Sijui ilikaa wapi kabla ya kuja kwangu."

Kisha nikamsikia akiinama. Nilimsikia akivuta pumzi, ndefu, ya kujaza kifua, pumzi ile ile niliyoisikiliza kupitia ukuta miaka ishirini na tisa.

"Usipulize," nilisema. "Mwanangu, tafadhali. Tafuta brashi. Usipulize kwa mdomo."